Pikapu Ikinguruma Nyuma, Usiongeze Sauti ya Redio

NINA jirani ambaye pikapu yake, Toyota Hilux ya zamani, ndiyo iliyowasomesha watoto wake. Siku za kazi hubeba viazi kutoka Kinangop hadi Marikiti, na Jumapili huoshwa ikawapeleka wazazi kanisani. Basi ilitokea kwamba gari hilo lilianza kunguruma upande wa nyuma. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, kama wa kinu cha kusaga unga kilicho mbali. Jirani yangu alifanya kama wafanyavyo madereva wengi: aliongeza sauti ya redio.

Asubuhi moja akiteremka mlima na mzigo wake, alikanyaga breki, na gari likavutwa ghafla kuelekea kulia, nusura liwaendee waliokuwa wakipanda. Aliposimama na kukagua, alikuta gurudumu la nyuma la kushoto limelowa oili upande wa ndani, na pale katikati pana moto usioshikika kwa mkono.

Kisa hicho ndicho kilichonifanya nizungumze nawe leo kuhusu vitu viwili vidogo ambavyo wenye pikapu huvisahau: beringi na sili za ekseli ya nyuma.

Ekseli, ambayo mafundi wengi huiita hafu-shafti, ni ule mwamba wa chuma unaotoka kwenye difu hadi kwenye gurudumu. Katika lori kubwa, kazi yake aghalabu ni kuzungusha gurudumu tu, kwani uzito hubebwa na bomba la nje. Lakini katika pikapu nyingi ndogo, ekseli huzungusha gurudumu na papo hapo hubeba uzito wa gari. Inayoishikilia mahali pake ni beringi, pamoja na pete ya chuma iliyobanwa kando yake. Beringi hiyo ikivunjika kabisa, ekseli yaweza kuchomoka na gurudumu lake gari likiwa mbioni.

Sili nayo ni pete yenye mdomo wa mpira. Kazi yake ni kuizuia oili ya difu isitambae hadi kwenye gurudumu. Mdomo huo ukichakaa, oili humwagikia viatu vya breki, na breki ya upande huo hushindwa kushika. Upande mzima ndio hufanya kazi peke yake, na hapo ndipo gari huvutwa. Sasa unaelewa kwa nini lile la jirani yangu, lililokuwa na oili kushoto, lilikimbilia kulia.

Je, utajuaje mapema? Kwanza, sikiliza. Mlio wa beringi huongezeka gari likienda kasi na hupungua likipunguza mwendo, hata ukiitoa gia. Pili, chungulia ndani ya gurudumu kama kuna michirizi ya oili. Tatu, inua gari kwa jeki, ushike tairi juu na chini, kisha ulisukume na kulivuta. Likicheza au kukwaruza linapozungushwa, usingoje mwisho wa mwezi.

Hapa naomba tahadhari moja. Madereva wengi huvuta breki ya mkono kabla ya kuinua gari wakidhani wamemaliza. Katika pikapu hizi, breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, yale yale unayoyainua! Weka mawe au vipande vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, tena usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee. Tumia stendi imara.

Kazi yenyewe si ya kujifunzia nyumbani, lakini ni vizuri uijue ili usimame karibu na fundi ukiwa na macho mawili. Fundi huondoa gurudumu na dramu ya breki, akafungua paipu ya mafuta ya breki na kebo ya breki ya mkono. Kisha hufungua nati nne zinazoshika sahani inayobeba viatu vya breki, akaivuta ekseli nje pamoja na beringi yake. Sili ya ndani, iliyobaki mle bombani, hung'olewa na mpya kuwekwa. Ule mdomo wenye springi huelekea upande wa oili, nao hupakwa grisi kidogo ili usiungue siku ya kwanza.

Beringi hutolewa na kuingizwa kwa mashine ya presi. Si nyundo wala patasi. Beringi iliyotwangwa kwa nyundo huanza safari ikiwa na majeraha. Ile pete inayoibana haina budi kuwa mpya, kwa kuwa iliyokwisha kung'olewa haibani tena kama mwanzo. Jirani yangu aliambiwa na fundi wa kwanza kwamba pete si ya lazima: angeichomelea beringi kwa umeme, iwe rahisi. Nashukuru alikataa. Moto wa kuchomelea huharibu ugumu wa chuma cha ekseli, na chuma hicho chaweza kukatika siku yoyote. Urahisi wa namna hiyo hulipwa na abiria.

Viatu vya breki vilivyolowa oili visioshwe kwa petroli na kurudishwa. Oili imekwisha kuingia ndani, na breki ikipata moto itatoka tena. Nunua vipya vya pande zote mbili ili breki zishike sawa. Mwishowe hewa itolewe kwenye mfumo wa breki, na difu iongezwe oili hadi ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia, gari likiwa mahali tambarare.

Unapokwenda kununua vipuri, iwe ni Kirinyaga Road au dukani mtaani kwenu, nenda na beringi kuukuu mkononi. Nanyi wanafunzi, hapa pana hesabu ya kuwafurahisha. Katika beringi za kawaida za gololi, zidisha tarakimu mbili za mwisho kwa 5 ujue upana wa tundu kwa milimita. Beringi ya 6208, kwa mfano, ina tundu la milimita 40. Hesabu hii hufaa kuanzia 04 kwenda juu. Hata hivyo, beringi nyingi za ekseli zina nambari za mtengenezaji zisizofuata kanuni hii, kwa hiyo kulinganisha kwa macho na vipimo kungali muhimu. Maandishi yaliyofifia au kukaa upande ni dalili ya bidhaa bandia.

Kisa cha jirani yangu hakikuishia hapo. Baada ya wiki chache, sili mpya ilianza kuvuja tena. Alikuwa tayari kumlaumu mwenye duka, lakini fundi mzee alipanda kwenye bomba la ekseli, akagusa kifuniko kidogo kilichojaa tope, akacheka. Kilikuwa kipumulio cha difu. Oili ikipata joto, hewa ya ndani hutanuka na kutafuta pa kutokea. Kipumulio kikizibwa na matope, hewa huisukuma oili ipite kwenye sili, hata iwe mpya namna gani. Kilisafishwa, sili ikabadilishwa mara nyingine, na uvujaji ukakoma. Ikiwa kipumulio ni kizima na sili bado inavuja, mwambie fundi apapase ekseli pale mdomo wa sili unapogusa. Pakiwa na mfereji, sili mpya haitadumu.

Ndugu msomaji, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sili ni ufa. Ukiuona mapema, utanunua sili. Ukichelewa, utanunua sili, beringi, viatu vya breki, pengine na ekseli yenyewe. Na kuna vitu ambavyo Kirinyaga Road haviuzwi kabisa, navyo ni wale unaowabeba garini. Leo ukitoka kanisani, zima redio kwa dakika tano usikilize.