Hale Isizimwe kwa Sababu ya Uzee

Mkoa wa Singida hauna kituo hata kimoja kikubwa cha umeme wa maji. Maziwa ya Singidani na Kindai ni ya chumvi na yametulia palepale, na mbuga ya Wembere hufurika masika ikakauka kiangazi. Basi kituo kikongwe cha Hale, huko Korogwe mkoani Tanga, kinatuhusu nini? Kinatuhusu kwenye luku. Bei ya uniti hupangwa kwa nchi nzima, na mkazi wa Kiomboi hulipa sawa na mwenzake wa Korogwe aliye kundi moja naye la matumizi. Gharama ya kuikarabati Hale ni yetu sote, na hasara ya kuiacha ife ni yetu vilevile.

Wanaotaka Hale ipumzishwe wana hoja, na tusiwabeze. Kituo kilianza kazi mwaka 1964. Kina mashine mbili, kila moja megawati 10.5, jumla 21. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla 2,115. Mashine moja tu ya Rufiji inaizidi Hale yote mara 11. Machi 2024, wiki chache baada ya mashine ya kwanza ya Rufiji kuanza, Tanesco ilizima vituo vitano vya maji kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Nchi iliyofika hapo ihangaike na vipuri vya mitambo ya miaka ya sitini kwa faida gani?

Jibu liko kwenye umbali. Machi 2025, akiwa Same, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Sababu aliyoitoa ni kwamba umeme unaosafirishwa kutoka vituo vya mbali hupotea njiani, na hasara hiyo ni takriban Sh32 bilioni kwa mwaka. Njia kuu inayotuunganisha na Kenya ni ile ya kilovoti 400 inayopita Namanga na kuishia hapahapa Singida, kwa hiyo habari hii si ya jirani kwetu. Kama Taifa limeona busara kuagiza umeme nje kwa sababu kaskazini iko mbali na Rufiji, halina sababu ya kutupa megawati 21 ambazo tayari ziko kaskazini.

Kuna jambo jingine ambalo mjadala huu huliruka. Maji ya Kilimanjaro na Meru hukusanyika Nyumba ya Mungu, yakazungusha mitambo ya megawati 8 iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Yakitoka hapo huteremka na Mto Pangani hadi Hale, kisha New Pangani Falls yenye megawati 68. Maji ni yaleyale, kazi tatu. Mashine ya Hale hainywi maji, huyapitisha tu. Ukiifunga, mkulima wa mpunga hapati hata ndoo moja ya ziada, maana maji hayo bado yanahitajika kule chini.

Bwawa nalo halifungwi kwa kubonyeza swichi. Mashine zikizimwa, milango ya maji bado inataka mtu wa kuiendesha mafuriko yakija, tope linataka kuondolewa, na mlinzi anataka mshahara. Marekani walibomoa mabwawa manne ya zamani kwenye Mto Klamath, kazi iliyokamilika mwaka 2024, na bili yake ilikuwa mamia ya mamilioni ya dola. Kuacha kutumia kituo nako ni mradi wenye bajeti yake. Hapa nyumbani tunacho kituo cha Kikuletwa, wilayani Hai, kilichokaa kimya kwa miongo mpaka Chuo cha Ufundi Arusha kilipokichukua ili kiwe mahali pa kufundishia nishati jadidifu. Uamuzi mzuri, lakini miaka yote ile ya kutu ililiingizia Taifa nini?

Hatusemi Hale ipewe fedha kwa macho yaliyofumbwa. Mto ukikauka, kituo hukauka nao, na mashamba yanayoongezeka juu ya Nyumba ya Mungu hayatapungua. Sweden imesaidia kugharimia ukarabati wa Hale, na tunashukuru. Ila msaada hulipa vyuma vipya, haulipi mafuta ya kulainisha na mishahara ya miaka 20 ijayo. Ikithibitika kwamba mahandaki au kuta zake hazifai tena, kituo kifungwe, na gharama ya kukifunga itajwe mapema. Jua la kaskazini nalo, kama mbadala wa Hale, lipigiwe hesabu kwa haki. Ila iwe hesabu ya mitambo itakayojengwa kweli: sisi wa Singida tumesikia habari za mashamba ya upepo kwa zaidi ya muongo mmoja, na upepo bado unavuma bure.

Tanesco itoe hadharani mambo matatu kuhusu Hale: uniti ilizozalisha kila mwaka kwa miaka kumi iliyopita, gharama ya kila uniti, na hali ya bwawa kwa mujibu wa wahandisi. Ewura, inayopitisha bei tunazolipa, izidai takwimu hizo kama haziletwi. Na wabunge wetu, kuanzia Manyoni hadi Mkalama, waziulize bajeti ya Wizara ya Nishati itakaposomwa. Mpaka majibu yatoke, Hale iendelee kuzunguka.