Tunyamaze kwa Faida ya Nani?

Kila harakati za mageuzi zinapopamba moto nchini, hatukosi mtu wa kutuandama na Biblia mkononi. Hutufungulia Amosi 5:13, ambapo mwenye busara ni yule anyamazaye katika siku mbaya. Wenzetu nao hujibu kwa Mithali 31:8, inayotuagiza tuwasemee wasioweza kujisemea. Je, Maandiko yanajipinga?

Sisi twasema la. Asiyeishia aya moja ataona kwamba katika aya ya 10 Amosi anawalaumu wanaomchukia mwenye kukemea langoni, na katika aya ya 15 anadai haki isimamishwe papo hapo. Lango la mji ndilo lililokuwa mahakama ya Israeli. Aya ya 13, basi, yaeleza ubaya wa zama ambamo shahidi huogopa kufungua kinywa, haituamuru kuuridhia. Amosi mwenyewe, alipofukuzwa Betheli na kuhani Amazia, hakunyamaza.

Wengine humtaja Bwana Yesu, ambaye hakumjibu Herode neno (Luka 23:9). Kweli, lakini hapo alikuwa mshtakiwa, na shauri lilikuwa lake. Sheria nayo hutenganisha mambo haya. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 yampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza. Ibara ya 33 yampa kila mtu uhuru wa kujieleza. Kimya cha mshtakiwa humkinga yeye. Kimya cha shahidi humkinga mdhalimu.

Makanisa yetu yalilijua hilo. Mwaka 1986 NCCK ilipinga kura ya mlolongo hadharani. Mlolongo ukatumika vivyo hivyo mwaka 1988, na wenye mistari mirefu wakatangazwa wameshindwa. Lakini sauti ile haikupotea bure: Desemba 1991 Kifungu cha 2A, kilichohalalisha chama kimoja tu, kilifutwa.

Ndugu muumini, baada ya maandamano ya Juni 2024 baadhi ya vijana walitekwa nyara. Ikiwa uliliona gari likimchukua kijana wa jirani, hatukutumi ukapige kelele sokoni. Andika siku, saa na mahali, umpelekee mchungaji wako au wakili unayemwamini. Mashaka yako mwenyewe waweza kuyanyamazia ukipenda. Ya kijana yule si yako kuyanyamazia.