Pampu ya moyo ikiondolewa sokoni, mgonjwa abaki na nani?

KAMPUNI ya Medtronic ilipotangaza Juni 2021 kwamba haitauza tena pampu ya moyo aina ya HVAD, wagonjwa wapatao 4,000 duniani walikuwa wakiishi nayo kifuani. Gari lenye kasoro hurejeshwa kiwandani; pampu iliyoshonwa moyoni hairejeshwi. Kuing'oa kwa tahadhari tu hakukupendekezwa, kwani upasuaji wenyewe ungeweza kuua.

HVAD ilihusishwa na visa vingi vya kiharusi na vifo kuliko pampu nyingine, na ilipozimika, mara nyingine ilikataa kuwaka tena. Kuiondoa ulikuwa uamuzi wa haki. Lakini nchini Marekani, watu wazima wanaohitaji pampu ya kudumu waliachiwa kifaa kimoja tu: HeartMate 3 ya kampuni ya Abbott, iliyoidhinishwa 2017.

Kifaa hicho si cha kubezwa. Huvuta damu kutoka chemba ya kushoto ya moyo uliochoka na kuisukuma hadi kwenye aota, mshipa mkuu wa mwili. Kilichowatoa wahandisi jasho si mota bali damu yenyewe: ikisuguliwa, chembe zake hupasuka, ikituama, huganda. Ndiyo maana rota ya pampu hii huelea kwa nguvu za sumaku bila kugusa chochote, nayo hubadilisha kasi kila sekunde mbili. Katika utafiti wa wagonjwa zaidi ya 1,000, asilimia 58 ya waliowekewa pampu hii walikuwa hai baada ya miaka mitano, dhidi ya asilimia 44 waliotumia mtangulizi wake, HeartMate II.

Umeme, hata hivyo, hutoka nje kwa waya unaopenya ngozi ya tumbo, na maambukizi hupitia papo hapo. Msomaji aliyezoea stima kupotea usiku ataelewa pia uzito wa betri hapo.

Kisha Aprili 2024, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari ya daraja la juu kabisa kuhusu HeartMate. Kwa baadhi ya wagonjwa, utando hujikusanya taratibu nje ya bomba linalotoa damu na kulibana, aghalabu baada ya miaka miwili au zaidi. Majeruhi 273 na vifo 14 viliripotiwa. Pampu hazikuondolewa sokoni.

Zingeondolewa vipi, ilhali daktari hana nyingine ya kumpa mgonjwa? Wadhibiti waliopima usalama wa kila pampu hawana budi sasa kupima pia hatari ya kubaki na mtengenezaji mmoja, na kuidai kampuni inayojitoa iendelee kutoa betri na vipuri hadi mgonjwa wa mwisho.