Walithuania na safu mbili za maneno

Lithuania ni nchi ndogo iliyo ukingoni mwa bahari ya Baltic, yenye watu wasiotimia milioni 3. Lugha yao, Kilithuania, hakuna taifa jingine liizungumzayo, na atokaye nje ya mipaka yao hata kwa mwendo wa saa chache hana budi kutafuta lugha nyingine ya kuombea maji. Zamani za utawala wa Kisovieti lugha hiyo ilikuwa Kirusi. Leo ni Kiingereza, na watoto wao hukianza tangu darasa la pili. Aghalabu njia yao ni ile ile tuijuayo sote: safu mbili za maneno, la kigeni mkono wa kushoto na la nyumbani mkono wa kulia, mtoto huifunika safu moja kwa kiganja, akaisoma nyingine, kisha akajijaribu.

Msomaji huenda akaniuliza, mshairi wa pwani ana lipi na Walithuania? Ninalo. Kijana mmoja wa mtaani kwetu afanyaye kazi melini aliniletea kijitabu cha maneno cha namna hiyo, alichopewa na baharia mwenzake wa Klaipėda, bandari yao. Nimekaa nacho siku nyingi, na kila nikifungua ukurasa nakutana na jambo linalotuhusu.

Tazama viungo vya mwili. Mwingereza ana "hand" na ana "arm". Ana "foot" na ana "leg". Ana "finger" na ana "toe". Mlithuania ana "ranka", basi, tangu begani hadi ncha za vidole. Ana "koja" tangu pajani hadi unyayoni. Na "pirštas" kiko mkononi na kiko mguuni. Je, si mkono wetu huo, na mguu wetu, na kidole chetu? Saa pia: "laikrodis" ni ya ukutani na ni ya kuvaa, na neno lenyewe maana yake ni kionyesha-wakati. Mwalimu wa Vilnius anayewafafanulia watoto tofauti ya "watch" na "clock" ana taabu ile ile ya mwalimu wa Lamu. Kufunza kwao ni "mokyti", na kujifunza ni "mokytis". Ile "s" ya mwisho yafanya kazi ya "ji" yetu, yaani ajifunzaye ni mtu aifunzaye nafsi yake. Mwingereza ana maneno mawili yasiyojuana, na ndiyo maana wanafunzi huyakanganya.

Lakini safu hizi nazo zina hila zao. Kijitabu changu kimeandika "go", na mbele yake "eiti". Hiyo "eiti" ni kwenda kwa miguu. Aendaye kwa gari, kwa Mlithuania, ana kitenzi chake mbali, "važiuoti". Sasa mtoto aliyehifadhi "go" na "eiti" peke yake amefundishwa kwenda London kwa kutembea! Na "fabric", ambalo ni kitambaa, humpeleka mbio kwenye "fabrikas", ambalo kwao ni kiwanda. Kwa ajili ya makosa kama haya wako walimu wasemao ati tafsiri ifutwe kabisa darasani, mtoto asikie Kiingereza kitupu mpaka kimuingie. Mimi sikubaliani nao. Tulipokuwa chuoni, maneno ya Kiarabu tuliyopewa pamoja na maana zake kwa Kiswahili ndiyo tuliyoweza kuyatumia. Yale tuliyoyahifadhi bila maana yalikaa ulimini yakingoja siku ya tafsiri. Kosa la "eiti" dawa yake ni kuongeza neno la pili katika safu ya kulia. Safu yenyewe haina dhambi.

Kinachonishughulisha mimi ni kile kinachodondoka njiani neno linapovuka kutoka safu hii kwenda ile. Siku zao huhesabiwa kama zetu: Jumatatu ni "pirmadienis", siku ya kwanza, na kuendelea hadi Ijumaa, "penktadienis", siku ya tano. (Sisi huanzia Jumamosi, na tukisha kufika Jumatano twahamia hesabu ya Kiarabu, hata tukawa na siku za tano mbili, Jumatano na Alhamisi, wala hapana aliyepotea.) Miezi yao ndiyo tamu zaidi. Aprili ni "balandis", njiwa. Mei ni "gegužė", jina la ndege yule atagaye katika kiota cha mwenziwe. Julai ni "liepa", mti ambao maua yake hupendwa na nyuki. Agosti jina lake ni kuvuna nafaka, Septemba ni kuipanda, na Novemba, "lapkritis", ni kupukutika kwa majani. Mtoto akifunika safu ya kulia akasema "November", ametamka neno ambalo kwa Kilatini latokana na tisa, na mwezi wenyewe ni wa kumi na moja. Nani aliyefaidika hapo? Mwenye kujua kwamba baada ya Ramadhani huja mfungo mosi, kisha mfungo pili, atafahamu nisemalo: kalenda si hesabu tupu, ni namna watu walivyoutazama mwaka wao.

Wala watu hawa si wazembe wa lugha. Mwaka 1865 serikali ya Tsar wa Urusi iliharamisha kuchapisha Kilithuania kwa herufi za Kilatini, ikataka kiandikwe kwa herufi za Kirusi. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1904. Kwa muda huo wote vitabu vilichapishwa ng'ambo ya mpaka, katika mji wa Tilsit uliokuwa chini ya Wajerumani, vikavushwa usiku vikiwa mabegani mwa wanavijiji. Waliokamatwa walifungwa, wengine wakapelekwa Siberia, na wako waliouawa mpakani. Hadi leo wabeba vitabu hao huadhimishwa kila tarehe 16 Machi. Sisi wa mwambao, ambao wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na tukaziacha pasi na mtu kutuwekea askari, yafaa tuisome habari hiyo taratibu.

Ndipo utaelewa kwa nini miaka ilipita wakibishana juu ya herufi tatu tu, q, w na x, ambazo hazimo katika alfabeti yao ya herufi 32. Mwanamke wa Kilithuania aliyeolewa na mgeni alitaka jina la mumewe liandikwe katika pasi yake kama alivyoliandika mume mwenyewe. Sheria ya kuruhusu hayo ilianza kutumika Mei 1, 2022. Waliopinga waliona mlango umefunguliwa. Waliounga mkono waliona pasi ni ya mtu, na jina ni lake. Mimi naona wa pili wana haki, ingawa hofu ya wa kwanza siidharau.

Herufi tatu ni jambo dogo. Mizani kubwa ni watu wenyewe. Walipojikomboa, Machi 11, 1990, walikaribia milioni 3.7. Mwaka 2004 waliingia Umoja wa Ulaya, na Uingereza na Ireland zikawafungulia kazi siku hiyo hiyo. Vijana wakatoka kwa maelfu. Kijitabu changu ni cha safari hiyo: "warehouse", ghala, ni "sandėlis", zamu ya kazi ni "pamaina", mshahara ni "alga". Maneno ya mtu anayeamka alfajiri kupakia mboga katika nchi ya wenyewe.

Kisha Uingereza ikajitoa katika Umoja huo mwaka 2020, na mshahara wa nyumbani nao ulikuwa umepanda. Tangu 2019 waingiao Lithuania wamewazidi watokao, na miongoni mwao wako wazawa wanaorejea na watoto waliozaliwa ughaibuni. Mtoto huyu "hand" na "arm" anazijua tangu maziwani. Yeye kiganja chake akiweke upande gani? Afunike safu ya kulia, ile ya Kilithuania, ambayo babake aliijua bila kufundishwa. Njiwa wa Aprili kwake ndiye mgeni.

Shule zao sasa zina kazi ya kutunga orodha iendayo upande huo wa pili, na haitakuwa kuigeuza ile ya zamani kichwa chini miguu juu. Mpakia mboga hakuhitaji kumwamkia mzee kwa Kilithuania, wala kujua lini aseme "tu" kwa rafiki na lini "jūs" kwa mkubwa wake. Mtoto arudiye atayahitaji siku ya kwanza. Katika kijitabu changu nimelitafuta neno la bibi mzaa mama. Halimo.