Ufunguo wa Lango u Mkononi mwa Nani?



Wengi wetu tunaopanga katika nyumba za ghorofa mjini hatupewi tena ufunguo wa chuma wa lango. Twapewa kidude kidogo cha plastiki. Ukikisogeza karibu na kisanduku cha ukutani, mlango wafunguka. Ni kitu chenye faida. Kikipotea, namba yake yafutwa, wala hakuna haja ya kubadili kitasa na kuwapa wapangaji wote funguo mpya. Hatupingi maendeleo.

Lakini yafaa tujue jinsi kinavyofanya kazi. Ndani yake kwa kawaida hamna betri. Kisanduku hukipa nguvu kidogo kwa mawimbi ya hewani, nacho hujibu kwa kutaja namba yake. Namba hiyo hutafutwa katika orodha. Ikiwamo, waingia, isipokuwamo, wabaki nje. Na mitambo mingi huandika kila mara: namba fulani, siku fulani, saa fulani.

Basi ufunguo wenyewe si kile ulichonacho mfukoni. Ufunguo ni orodha, na orodha anayo mwenye nyumba. Hapo ndipo neno letu lilipo.

Kwanza, awezaye kuandika namba aweza kuifuta. Mfanya kazi atoka zamu ya usiku, kodi imechelewa siku tatu, akuta lango limemkataa na watoto wamo ndani. Twasema kumtoa mtu nyumbani mwake ni neno la kuamuliwa kwa sheria, si la kubonyeza kitufe.

Pili, saa zetu za kutoka na kuingia ni habari zetu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 yampa kila mtu haki ya kuambiwa habari zake zatumiwa kwa kazi gani, na haki ya kuziona.

Tatu, vidude vya aina ya zamani, vya kilohezi 125, mara nyingi hutaja namba ile ile bila siri yoyote, na mashine ya bei ndogo yaweza kuinakili. Mwizi aweza kuingia kwa namba yako, na orodha ikakushtaki wewe.

Wapangaji wa Brooklyn, New York, wametuonyesha njia. Mwaka 2018 mwenye majengo ya Atlantic Plaza Towers, yenye nyumba zaidi ya 700, alitaka kuondoa vidude na kuweka mitambo ya kutambua nyuso. Mwaka 2019 wapangaji zaidi ya 130 walipeleka pingamizi serikalini kwa pamoja, na kabla ya mwaka kwisha mpango uliachwa. Mwaka 2021 jiji hilo lilipata sheria: habari za milango kwa kawaida zifutwe kwa muda wa siku 90, wala zisitumiwe kumsumbua mpangaji au kumfukuza.

Basi, ndugu, katika kila jengo wapangaji na wakutane. Tudai kwa maandishi: nani ashika orodha, habari zawekwa siku ngapi, namba isifutwe kwa ajili ya kodi, na umeme ukikatika au moto ukitokea, mlango ufunguke kutoka ndani bila kidude.

Mpangaji mmoja akiuliza ataambiwa ahame. Jengo zima likiuliza, litajibiwa.