Mshahara wa dada na bahasha ya sadaka

Leo wengi wetu tutatoa sadaka, na wengine tutaahidi mbele ya kanisa zima kuchangia ujenzi. Ni jambo jema. Lakini lipo swali ambalo mzee wa kanisa hatatuuliza: yule dada aliyeamka alfajiri kutupigia pasi nguo hizi za ibada, mshahara wake wa mwezi uliopita amelipwa?

Torati haikuliacha jambo hili kwa hiari ya mwajiri. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inaagiza kibarua maskini, awe ndugu au mgeni, alipwe siku ileile kabla jua halijatua, kwa sababu anautegemea ujira huo. Naye Yakobo, katika sura ya 5, anaonya kwamba ujira uliozuiliwa una kilio, na kilio hicho kinamfikia Bwana. Basi tunapoimba Jumapili, huenda nyumba moja inapeleka sauti mbili kwa Mungu mmoja.

Hapo ndipo maisha yanapogawanyika. Kanisani tunaitana "mpendwa"; jikoni anayetulelea watoto tunamwita "we msichana". Utasema hali ni ngumu, ada za shule zimebana. Ni kweli. Lakini ugumu huohuo unamkuta na yeye, na pengine kijijini yuko mama anayesubiri hela ya dawa. Mwenye shida ya kweli humweleza mwenzake ukweli, akampangia siku ya kumlipa. Hamkwepi.

Zakayo, katika Luka 19, aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na aliowadhulumu kuwarudishia mara nne. Sheria katika Walawi 6 ilimdai mwenye kosa arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano tu. Tazama vizuri: hakutumia msaada kwa maskini kufunika dhuluma. Alifanya yote mawili. Deni hulipwa kwanza, ndipo ukarimu unaitwa ukarimu.

Wema ulioanzia jikoni hautaishia humo. Utamfikia mlinzi getini, kijana wa bodaboda, na jirani asiyesali nasi.

Kabla ya kufunga bahasha ya leo, ihesabu kwanza haki ya dada. Kama fedha haitoshi kwa yote mawili, kumbuka Mathayo 5:23-24: Yesu mwenyewe ameagiza sadaka ingoje madhabahuni, tukapatane kwanza na ndugu, kisha turudi kuitoa.

Jumapili njema.