Tukienda Kizimkazi, Tusiwafukuze Pomboo



Ndugu wanafunzi, wazee wetu na walimu wenzangu, kila mwaka jarida letu hutoa nafasi kwa mwenye maoni ayaseme. Miaka iliyopita nilikuwa msomaji tu. Mwaka huu nimeona nisinyamaze, kwa sababu jambo ninalotaka kulisema linatuhusu sote tuliokwenda ziara ya Kizimkazi, na linanihusu mimi kabla ya mwengine yeyote.

Wengi wenu mnakumbuka siku ile. Tuliondoka mjini mara baada ya sala ya alfajiri, tukapita Tunguu, tukapita msitu wa Jozani, tukakata kona ya Kitogani kuelekea kusini. Ndani ya gari hapakuwa na mazungumzo mengine ila pomboo. Aliyewahi kuwaona alikuwa bingwa wa safari, na asiyewahi aliuliza maswali mpaka tukafika. Wazee walikuwa wametoa mchango wa nauli na wa boti, wengine kwa tabu, ili watoto wao wakaone neema hii iliyo karibu na kwao, ambayo watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kuitazama.

Tukashuka Dimbani, tukagawana kwenye boti, tukatoka. Bahari ilikuwa shwari. Hatukwenda mbali mara nahodha akanyoosha mkono, na kweli, pezi la mgongoni likachomoza, kisha la pili, kisha kundi zima. Watoto wakapiga takbira kwa furaha. Nami nilifurahi kama wao.

Lakini hatukuwa peke yetu. Boti nyengine zilikuwa zimeshafika na nyengine zinakuja. Pomboo walipozama, kila nahodha alikisia watatokea wapi, akatia moto mashine kuwahi pale. Walipoibuka, boti zikawaendea kutoka kila upande, na wageni wa boti moja wakajitosa majini karibu kabisa na vichwa vyao. Wakazama tena. Tukawafuata tena. Wanafunzi wakawa wanapiga kelele, "Kata mbele! Kata mbele!" Na mimi, ambaye darasani huwafundisha utulivu, nikamwambia nahodha, "Kaza baba, watatupita hawa."

Mara ya nne walipoibuka walikuwa wachache, na walikuwa mbali. Mmoja alikuwa na mtoto ubavuni, mdogo, akipanda juu kuvuta pumzi kila mama yake anapopanda. Hapo mwanafunzi mmoja wa darasa la chini, aliyekuwa kimya muda wote, akaniuliza, "Maalim, wanatukimbia?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nikamgeukia nahodha, nikamuuliza kama ni lazima kuwafuata namna ile. Mzee yule hakukasirika. Aliniambia, "Maalim, mimi nafata anavyotaka mgeni. Akiniambia niwakimbilie, nakimbilia. Nisipokimbilia, kesho atapanda boti ya mwenzangu."

Ndugu zangu, jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tumezoea kusema kuwa watu wa boti ndio wanaowasumbua pomboo. Nahodha yule alinionyesha kuwa mashine ile inaendeshwa na mkono wake, lakini inaendeshwa kwa ulimi wa abiria. Siku ile ulimi ulikuwa wangu.

KIZIMKAZI IMETOKA WAPI

Ni vyema tukajua kidogo habari za mahali penyewe. Kizimkazi, yaani Dimbani na Mkunguni, ni vijiji vya wavuvi kusini mwa Unguja. Bahari yake ina pomboo wa aina mbili wanaoishi pale karibu na pwani, wale wenye mdomo mfano wa shingo ya chupa, na wale wenye nundu mgongoni. Si wengi kama tunavyodhani. Hesabu iliyofanywa na watafiti kati ya mwaka 1999 na 2002 ilionyesha kuwa wale wa kwanza hawafiki mia mbili, na wale wa nundu hawafiki hata mia moja. Skuli moja tu ya mjini ina wanafunzi wengi kuliko hao wote.

Zamani pomboo hawa waliwindwa. Nyama yao ilitumika zaidi kuwa chambo cha kuvulia papa. Tangu mwaka 1992 wageni walipoanza kuja kwa ajili ya kuwatazama, wavuvi waliona kwa macho yao kuwa pomboo aliye hai huleta riziki leo, kesho na mwakani, na aliyekufa huleta riziki ya siku moja. Katika miaka hiyo ya tisini uwindaji ule ukakoma. Mwaka 1997 Ghuba ya Menai, ambayo Kizimkazi imo ndani yake, ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi.

Basi mtu asiwadharau wavuvi wa Kizimkazi. Wao waliacha jambo walilokuwa wamelizoea, na si rahisi mtu kuacha mazoea yanayomlisha. Swali ni letu sisi tunaokwenda kutazama. Wao wameacha kuwaua. Je, sisi tutaacha kuwafukuza?

MADHARA YA KUFUKUZA

Atakuja msomaji aseme, kufukuza tu kuna dhara gani? Hatukumpiga, hatukumvua, tumemtazama tukaondoka.

Pomboo si samaki, ingawa anaishi na samaki. Ana mapafu kama sisi, na ni lazima apande juu kuvuta pumzi. Anazaa na kunyonyesha. Mama hubeba mimba kiasi cha mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, na hukaa naye miaka kadhaa kabla ya kuzaa mwengine. Kwa hiyo mtoto mmoja akipotea, pengo lake halizibwi upesi.

Tena pomboo huishi kwa sauti. Hutoa sauti akasikiliza mwangwi wake, na kwa mwangwi huo akajua samaki yuko wapi na mwenzake yuko wapi. Sauti majini huenda mbio zaidi ya mara nne kuliko hewani. Hebu fikiri mashine za boti tano au sita zinazonguruma kwa pamoja juu ya kichwa cha kiumbe wa namna hiyo, naye ana mtoto mchanga.

Watafiti waliwachunguza pomboo wa Kizimkazi wenyewe, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2007 na mwaka 2010. Waliona kuwa boti za watalii zinapokuwapo, pomboo hupunguza kupumzika na kutafuta chakula, na wakati mwingi hubaki wakisafiri tu, yaani wanahama hapa kwenda pale. Majike nao hubadili mwendo wao. Yule mtoto wa darasa la chini aliona kwa macho mawili kile ambacho wataalamu walikipata kwa miaka ya kuhesabu. Ndiyo mwanangu, walikuwa wanatukimbia.

Boti si tatizo lao la pekee. Wapo wanaonasa katika nyavu za jarife zilizotegewa samaki wengine, na wakinasa huzama kwa kukosa pumzi. Hilo ni la wavuvi na wataalamu kulitafutia dawa, na juhudi zimeshafanywa. Sisi wanafunzi na walimu hatuna nyavu. Tulicho nacho ni kiti ndani ya boti, basi tuanze na hicho.

DINI YETU INASEMAJE

Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nahl, aya ya 14, anatukumbusha kuwa ameitiisha bahari kwa ajili yetu, tule humo nyama mbichi na laini, tutoe mapambo, na vyombo vipite tukitafuta fadhila zake. Mwisho wa aya hiyo ni kushukuru. Hatukupewa bahari ili tujisahau ndani yake.

Na wote mmesoma kisa cha masahaba waliokuwa safarini, wakamwona ndege na vifaranga vyake viwili, wakavichukua vifaranga. Mama yao akawa anapiga mbawa juu yao kwa kuhangaika. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoona hali ile aliuliza ni nani aliyemtia uchungu ndege yule kwa wanawe, akaamrisha arudishiwe. Masahaba wale hawakuvichinja vifaranga, wala kuvipiga. Kumhangaisha mama peke yake kulitosha kuwa kosa la kurekebishwa papo hapo.

Nilikuwa nimekisomesha kisa hicho mara nyingi. Siku ile kilikuwa mbele yangu, ndani ya maji, na sikukitambua mpaka mtoto aliponiuliza.

WATAKULA NINI?

Najua wazee wengine watasema, na wana haki ya kusema, kuwa tukianza kuweka masharti watu wa Kizimkazi watakosa riziki. Mimi naona kinyume chake. Pomboo wakichoka kufukuzwa wakahamia mahali pengine, ndipo boti zitakapofungwa gatini. Anayetaka riziki ya Kizimkazi idumu amlipe nahodha kwa kutokimbiza.

Wengine watasema: watoto wamelipiwa, ni lazima waone. Hapa pana somo kubwa kuliko ziara yenyewe. Tulicholipia ni boti, mafuta, na kazi ya nahodha. Pomboo hakupokea kitu. Hatuna deni la kumdai. Akija tumshukuru Mola, asipokuja turudi tukiwa tumeiona bahari.

Kwa hiyo naleta mapendekezo haya kwa uongozi wa chuo chetu, na kwa kila mzazi atakayewapeleka watoto wake.

Kwanza, tupatane na nahodha kabla ya kupanda. Tumwambie waziwazi kuwa sisi hatutaki kukimbiza, na kwamba tutamlipa haki yake kamili hata tusipoona kitu. Maneno haya yasemwe pwani, maana yakisemwa kule nje, pomboo wakiwa mbele, hayasikiki tena.

Pili, mashine iende polepole, boti ikae ubavuni mwa kundi, wala isiwakate mbele wala isipite katikati yao.

Tatu, tukikuta boti nyengine zimeshawazunguka, tungoje kwa mbali. Na wakiwa na watoto wachanga, tuwaache.

Nne, asijitose mtu majini juu yao, na kelele zipunguzwe. Furaha ya Muislamu ina adabu yake.

Tano, nahodha anayezuia mkono wake tumtaje kwa wenzetu, tumrudie mwakani, na mwenye uwezo amuongezee kidogo. Nahodha alisema anafuata anavyotaka mgeni. Basi mgeni na atake mema.

MWISHO WA SAFARI ILE

Baada ya jibu la nahodha nilimwomba azime mashine. Alinitazama kidogo, kisha akaizima. Tukakaa. Wanafunzi wengine walinuna, na mmoja alisema kwa sauti kuwa pesa za baba yake zimepotea. Sikumlaumu, kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha kukimbiza robo saa iliyopita. Ningependa kukuhadithieni kuwa pomboo walirudi wakacheza karibu nasi, lakini hawakurudi. Tuliona mapezi mawili kwa mbali, na katika kimya kile tukasikia mara moja pumzi yao, pfuu, kama mtu aliyeweka chini mzigo. Kisha tukarudi pwani.

Adhuhuri tuliswali katika msikiti wa Dimbani. Mliouona mnakumbuka maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye mawe pale kwenye mihrabu, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya katika karne ya 18, lakini mawe yale yalitunzwa yakarudi mahali pake. Zaidi ya miaka mia tisa, kizazi baada ya kizazi, watu wa kijiji cha wavuvi wamekabidhiana amana ile, na hakuna aliyesema, haya ni mawe tu.

Nilipokuwa nimekaa pale baada ya sala, niliwaza kuwa waliochonga maandishi yale bila shaka waliwaona pomboo kwenye maji yale yale, wakati wakingojea jahazi au wakitia nyavu. Msikiti tumeukuta kwa sababu wapo waliojizuia na waliotunza. Wajukuu wa wajukuu zetu nao watakwenda Kizimkazi. Watakaloulizana kuhusu sisi linategemea tutakavyokaa ndani ya boti.

InshaAllah mwakani tutakwenda tena. Safari hiyo mtoto akipiga kelele, "Kata mbele," naomba mkubwa wake amshike bega amwambie, "Waache wapumue." Na mkinisikia mimi nasema kaza, nikumbusheni makala hii.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu wenu